Nani Aliwamaliza Kuhe wa Bangwe

Juzi nimerudi Kigoma, na sikumaliza hata siku kabla sijagombana na muuza samaki. Ndiyo, mtu mzima mimi, ninayepaka hina kuficha mvi, nimesimama mwaloni Katonga mikono kiunoni, nafokeana na kijana ambaye ningeweza kumzaa. Nilimuuliza tu kama ana kuhe. Akamtazama mwenzake, wakacheka.

"Kuhe, mama? Kuhe wa wapi tena? Si wakimbizi waliwamaliza zamani."

Alisema hivyo huku akipanga migebuka yake mezani, bila hata kuinua macho, kama mtu anayekwambia kuwa jana mvua ilinyesha. Damu ikanichemka. Nikamwambia asiseme asilolijua. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama nanunua au naendelea na hotuba. Basi kaa nikusimulie wewe, maana jambo likinikaa kooni mimi silali.

Kama hukukulia kwetu, kuhe ni samaki mkubwa wa ziwa hili, mnene, rangi yake njano iliyofifia na madoa meusi ubavuni. Ukimkaanga kwenye mawese, mtaa mzima unajua kwenu leo kuna nini. Lakini sisi watoto wa Bangwe tulimjua zaidi akiwa hai. Kila asubuhi bibi alinituma ufukweni na masufuria ya jana, niyasugue kwa mchanga, na pale karibu na majabali maji yalikuwa maangavu mpaka unaona vidole vyako vya miguu. Ukitulia, unawaona: dume na jike, wamesimama juu ya mchanga walikotaga, na katikati yao vitoto vyao vimejaa kama wingu dogo linalotembea. Samaki mwingine akijipendekeza, anafukuzwa mbio. Bibi alisema kuhe akilea hata kula anasahau, mpaka anakonda.

"Kuhe mwenye wana haguswi," ndivyo alivyosema, na ndivyo walivyosema wote. Ukimpata mkubwa huko kilindini kwa mshipi wako, halali yako, kamle na wanao. Lakini yule aliyesimama na vitoto unampita kimya kimya, kama unavyopita nyumba yenye mzazi ndani. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Na kulikuwa na desturi nyingine, hii hata wewe uliyekulia bara huenda umeisikia. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo wavuvi huvuta mitumbwi ufukweni na ziwa linapumzika. Enzi zile siku hizo zilikuwa kama sikukuu. Wanaume walishona nyavu na kubishana, karabai zilipanguliwa zikasafishwa, harufu ya mafuta ya taa kila mahali. Wanawake walifagia pale walipoanikia dagaa. Sisi watoto, ambao siku nyingine kazi yetu ilikuwa kufukuza kunguru, tulilala kwenye mchanga tukila muhogo wa kuchoma. Kitoweo kilipungua, tukala sombe, yaani kisamvu, kwa mawese mpaka tukachoka, na hakuna aliyelalamika. Ziwa nalo lina haki ya kulala, alisema bibi.

Halafu vikaja vita ng'ambo, na watu wakaanza kuvuka. Walifika kwa mitumbwi na kwa miguu, na magodoro kichwani, na wengine hawana hata kanga ya pili. Wengi walipelekwa kwenye kambi za huko Kasulu. Wachache walibaki mitaani kwa watu waliowapokea. Kwetu alibaki mama mmoja wa Kirundi na watoto wake wadogo. Bibi alimkuta amekaa ufukweni, amekumbatia kibuyu kitupu, akamwambia, "Inuka, mama. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akampa chumba cha uani.

Kuna jirani aliyemsema bibi kwa hilo. Bibi hakuwa mtu wa kusemwa. Babu yake mwenyewe alivuka ziwa hilo hilo kutoka Kongo, na bibi alikuwa na neno lake moja ambalo alilitoa kila mtu alipoanza kujitapa uenyeji: "Hapa Ujiji mpaka Bangwe, nionyesheni ambaye kwao hawakuvuka." Hapo watu walitafuta mazungumzo mengine.

Yule mama alikuwa mwembamba, mcheshi kuliko nilivyotegemea, na kucheka kwake kulianzia tumboni. Aliniita "mwana wanje," mwanangu, tangu siku ya kwanza. Alizaliwa kando ya ziwa, upande wa kwao, binti wa mvuvi, na alianika dagaa haraka kuliko shangazi zangu wote, jambo ambalo shangazi zangu hawakulipenda. Jumapili alikwenda kanisani na wanawe, akirudi anamkuta bibi ametoka kuswali adhuhuri, wanakula sinia moja. Jioni alikuwa na tabia ya kwenda majabalini na watoto wake kuwatazama kuhe. Mara ya kwanza nilidhani anawatamani kwa mchuzi. Akanionyesha kwa kidole, akasema kwa Kiswahili chake cha kuchanganya, "Kwetu hawa tulikuwa nao. Tukakokota nyavu pwani, tukakokota, tukakokota. Hakuna tena."

Mimi sikuelewa. Nilikuwa na njaa yangu na hamu yangu.

Maana wakati huo mtaani kwetu kulikuwa na mzee mmoja mwenye kokoro. Kokoro ni wavu mrefu wa kukokotwa: mtumbwi unauzungusha majini, halafu watu wanasimama nchi kavu wanavuta kamba pande mbili, na kila kilichopo katikati kinakuja, kikubwa kwa kidogo, na mchanga wake. Wageni walikuwa wengi, kambini watu wanataka kitoweo, wachuuzi wanakuja hadi Bangwe kumbembeleza yule mzee. Mbalamwezi ndiyo iliyomuuma. Ziwa lote limelala na wachuuzi wanasubiri! Basi akapata ujanja. Akasema desturi inakataza taa, na kokoro halina taa. Linavutwa mchana kweupe. Kosa liko wapi?

Na watu wakakubali, ndugu yangu! Watu wazima, wenye akili zao, waliokua na desturi ile tangu wakiwa matumboni, wakatingisha vichwa: kweli bwana, taa haipo. Kama vile samaki alikuwa anahesabu taa. Mpaka leo nikikumbuka natamani kupiga mtu kofi.

Mwaka huo mtaa mzima ulivuta kamba. Vijana, akina mama, watoto wenzangu waliokuwa wakilala nami kwenye mchanga. Ukivuta unapewa fungu lako la samaki. Bibi alinikataza. Nilikaa ukutani nikawatazama wenzangu wakipita na vifurushi vyao, wakinikonyeza, nikamchukia bibi kwa moyo wangu wote. Nikamwambia tunakula sombe kwa sababu yake. Akanijibu, "Kula sombe, una meno." Basi.

Mwanzoni kokoro lilivutwa mbali na majabali. Lakini pale mchangani palikwisha haraka, kama vinavyokwisha vitu visivyopumzika. Likasogezwa, likasogezwa tena, hadi asubuhi moja mtumbwi ukazunguka pale pale walipokuwa kuhe na vitoto vyao. Nilikuwa nasugua masufuria. Yule mama alikuwa anafua kando yangu.

Alipoona kamba zinakaza aliacha nguo zake, akaingia majini na kitenge chake, mpaka maji yakamfika kifuani, akasimama mbele ya nyavu.

"Oya!" alipiga kelele, yaani hapana, kwa lugha ya kwao. "Oya! Hapa wana watoto! Pitieni kule!"

Wavutaji walisimama. Mwenye kokoro akatokea mbele, kofia mkononi.

"Mama, toka majini."

"Sitoki. Pitieni kule. Pakubwa."

"Yaani mkimbizi aje atufundishe ziwa letu?"

Watu wakacheka. Hicho ndicho kicheko nilichokisikia juzi Katonga, kile kile. Hakuna aliyeachia kamba. Mmoja akasema vuteni, wakavuta, na ile kamba ikamchota miguu mama wa watu, akaanguka, akaibuka anakohoa maji, kitenge kikielea pembeni yake. Nyavu zikampita. Zilipofika nchi kavu, kuhe wote wawili walikuwamo, wanarukaruka kati ya mchanga na konokono, na vitoto vyao vimetapakaa kwenye matundu kama uji uliomwagika. Vile havikuwa kitoweo cha mtu yeyote. Walivikung'uta wakaviacha pale, kunguru wakashuka.

Nilidhani yameishia hapo. Jioni, balozi wa nyumba kumi akaja kwetu. Alimsalimu bibi kwa heshima zote, "Shikamoo bibi," akakataa kukaa, na hapo bibi akajua. Kuna watu wamelalamika, alisema balozi. Huyu mgeni analeta fujo ufukweni, na tena anaishi nje ya kambi bila kibali. Sheria ni sheria.

"Fujo gani?" bibi akauliza. "Aliyeanguka majini ni yeye."

"Bibi, mimi nimetumwa tu."

"Umetumwa na nani? Si na yule wa kokoro? Muda wote huu kibali hamkukiona kuwa hakipo, mmekiona leo?"

Bibi akamwambia lile neno lake, nionyesheni ambaye kwao hawakuvuka, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona halifanyi kazi. Alikwenda kwa shehe, akaenda kwa mwalimu wangu aliyejua kuzungumza na ofisi, akaenda mwenyewe mpaka mjini na viatu vyake vya Idi. Akarudi amevishika mkononi.

Lori la kuwapeleka kambini lilikuja asubuhi. Wana wa yule mama walidhani wanakwenda matembezi, wakafurahi. Yeye alimshika bibi mikono yote miwili, akasema, "Imana ibahezagire," Mungu awabariki. Kisha akaniangalia akacheka kidogo, kile kicheko cha tumboni, lakini hakikutoka chote. Bibi alisimama barabarani mpaka vumbi likatulia, halafu akaingia ndani akamkaripia kila mtu kwa wiki nzima. Hatukupata habari zake tena.

Kokoro je? Likaendelea, tena kwa raha, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kusimama mbele yake. Makokoro yakaongezeka. Nyavu zikawa za matundu madogo zaidi, wengine wakashona hata vyandarua. Mbalamwezi ikawa siku kama siku nyingine. Kuhe wakawa wachache, kisha wa kusimuliwa. Na samaki walipopungua, nani alikaa barazani akisikitika kwa sauti, eti wakimbizi hawa wametumalizia ziwa? Yule yule mzee wa kokoro! Na waliovuta kamba wakaitikia.

Sikatai, wageni walikuwa wengi na walikula. Vilima vya njia ya Kasulu vilibaki vipara kwa kuni, maana mtu hapiki kwa upepo. Na samaki wa yule mzee waliwanunua. Lakini kokoro halikuwa lao, kamba hawakushika, na ujanja wa taa hawakuutunga wao. Kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tulimvua jirani nguo, tukazikagua.

Nilipomwacha yule kijana wa Katonga nilipitia Bangwe. Majabali yapo. Maji yamekuwa na tope, na nilisimama pale muda mrefu nikitazama mchanga mtupu. Upande wa pili walikuwa wanavuta kokoro, wanaimba, na watoto wameshika mkia wa kamba. Nyavu zilipotoka nikasogea kuangalia. Konokono, majani, visamaki vya urefu wa kidole. Mvutaji mmoja, mtu wa umri wangu, aliniona nikitikisa kichwa, akasema kwa unyonge, "Samaki hakuna, dada. Tangu walipokuja wale wakimbizi."

Nilimtazama vizuri usoni. Tulisoma darasa moja. Siku ile alikuwa kwenye kamba ya kushoto.

Nilitaka kumwambia. Nikaona anavyozikung'uta zile nyavu, kwa mkono ule ule na mtindo ule ule, nikageuka nikaondoka. Ufukwe mzima asubuhi ile, watu wote wale wenye ziwa lao, aliyeingia majini kuwatetea kuhe alikuwa mmoja. Na huyo ndiye tuliyempakia kwenye lori.