Samaki Aliyeitwa Delicious

Mkahawa tuliofanyia kazi, shangazi akihudumia wateja na mimi nikiosha vyombo, ulikuwa na neno lake. Bosi alilitoa kwenye semina, akarudi nalo akitamba kama aliyenunua viatu vipya. Kila sahani ikitua mezani, mhudumu aseme "delicious". Alitufundisha kwa mbwembwe zote: si utamu wa kawaida, ni ule wa kulamba vidole, na neno lenyewe halitaki kuongezewa "sana" kwa kuwa sana imo ndani yake.

Shangazi alilichukua kwa moyo mmoja, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Wenzake walilimwaga hata kwenye wali mbichi. Yeye alilisema pale tu chakula kilipostahili, yaani mara chache mno. Bosi akamwonya aache kuchagua, la sivyo kibarua kitaota nyasi. Na shangazi ndiye anayetulisha nyumbani.

Usiku wa kuamkia juzi friji ikaharibika. Asubuhi uvundo wa samaki ulinipokea mlangoni, nikatapika kwenye sinki. Mpishi aliwaosha kwa siki, akawazika kwenye ndimu na pilipili, akakaanga. Bosi akapita, akaziba pua, akaagiza wauzwe kwanza kabla ya kuku. Akaziba pua, halafu akaagiza wauzwe!

Wa kwanza kuletewa alikuwa mama mjamzito. Shangazi akaweka sahani, lile neno hakulitoa. Bosi akamkoholea kutoka kaunta. Yule mama akauliza kama samaki ni mzuri.

"Ameoza, mwanangu," shangazi akasema. "Usimle."

Mama akaondoka mbio, mkono mdomoni. Bosi akamvua shangazi aproni mbele ya watu na kumwonyesha mlango. Kisha akaja jikoni, macho makavu, akanivisha mimi aproni hiyohiyo. Sahani ileile, pilipili imeongezwa, akanitia mkononi.

"Meza ya dirishani," akasema. "Useme lile neno, na utabasamu."

Dirishani alikaa babu mmoja na mjukuu wake, vijiko tayari mikononi. Nilifika katikati ya ukumbi, nikaipindua sahani sakafuni, nikatoka.

Tangu juzi nyumbani kwetu hakuna anayefanya kazi. Nimeoga, nimesugua, na mikono bado inanuka.