Binti wa Viboksi na Viduara

"Hivi binti yako anasomea uganga au umbea?" jirani alimuuliza mama mtu, wakianika nguo, na mama akacheka mpaka kibanio kikamponyoka. Swali halikuwa la bure. Binti anasomea kuwashauri watu kuhusu magonjwa ya kurithi, na hakuna anayeingia sebuleni akatoka bila kuulizwa babu yake alikufa kwa nini na shangazi zake ni wangapi. Mwanamume humchorea kiboksi, mwanamke kiduara, na mgonjwa humjaza wino. Fundi alikuja kuziba bomba, akajikuta amechorewa vizazi vitatu.

"Mwanangu, mwache mgeni anywe chai."

"Si anakunywa, mama. Namuuliza akishameza."

Lakini mtu akigusa machungu yake, msemaji huyo hunyamaza, akaweka mikono mapajani na kungoja, hata chai ipoe. Juzi mwalimu wake aliwaagiza wanafunzi kila mmoja apeleke mchoro wa ukoo wake mwenyewe. Wake ulijaa, isipokuwa nafasi moja ubavuni pa kiduara chake mwenyewe. Mama alipouchungulia, aliitambua. Ilikuwa ya kifunguamimba wake, aliyefariki kwa ugonjwa wa selimundu akiwa mdogo, na ambaye tangu azikwe mama humtaja kwenye sala tu, tena kimoyomoyo. Mama alijisingizia kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Binti akafunga daftari, akahamia mkekani kando yake, akangoja kama kawaida yake.

"Mama, ya mwalimu tuyaache," alisema baadaye. "Naomba uniambie alikuwa anaitwa nani."