Nusu ya Antena Ilikuwa Chini

Mimi ni mbishi tangu utotoni, na katika mwaka wangu wa nne wa uhandisi pale Goma ubishi huo nusura unirudishe nyuma darasa zima.

Kazi tuliyopewa ilikuwa hii: kila wanafunzi wawili wabuni mtambo mdogo wa redio, wauunge kwa mikono yao, kisha sauti ya mmoja wao itoke kwenye ua wa chuo na kusikika Himbi, kando ya ziwa, kilomita chache kutoka pale. Chuo kilikuwa kimepata ruhusa ya kurusha mawimbi kwa alasiri mbili tu, zilizopishana juma moja. Ukishindwa ya kwanza, unajaribu ya pili. Ukishindwa ya pili, unarudia mwaka.

Asistanti, mhadhiri msaidizi aliyesimamia labo yetu, yaani maabara, alikuwa na mchoro wake tayari, na karibu darasa zima liliunakili. Antena yake ilikuwa waya mrefu wenye mikono miwili, unaofungwa kutoka baraza moja ya ghorofani hadi nyingine. Ulifanya kazi vizuri, sina la kuusema vibaya. Ila mimi ni mtu wa Kalengera, kijijini, na kwetu hakuna nyumba mbili za ghorofa zinazotazamana. Nilitaka redio ambayo mtu mmoja, mbele ya nyumba yake, anaweza kusimamisha nguzo moja tu na akasikika, hasa siku ambazo simu zote zimenyamaza. Kwa hiyo nilibuni mzunguko wangu mwenyewe, wenye transista nne nilizong'oa kwenye redio mbovu, na antena ya waya mmoja uliopanda wima juu ya mlingoti wa mkaratusi.

Mwenzangu alikuwa kijana wa Butembo, mpole kupita kiasi, mtu anayefikiria mara tatu kabla ya kukaza skrubu. Nilipomwonyesha mchoro aliutazama muda mrefu.

"Dada, uko sure?"

"Niko sure."

"Basi siye wawili tuko sure," akasema, akachukua koleo.

Kitabu kilisema kwamba antena ya wima ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni ardhi yenyewe. Unapigilia chuma ardhini, unakiunga kwa waya kwenye mtambo, na ardhi inafanya kazi iliyobaki. Hilo halikunisumbua hata kidogo. Katikati ya ua kulikuwa na bustani ya maua iliyozungushiwa mawe hadi magotini, na udongo wake ulikuwa mweusi na laini. Nilikipiga chuma nyundo tatu, kikazama chote. Nilijipongeza moyoni kwa kuchagua mahali pazuri.

Alasiri ya kwanza mwenzangu alikwenda Himbi na redio ya kupokea. Mimi nikabaki uani na kipaza sauti, asistanti akiwa pembeni na simu yake. Niliongea. Nilihesabu hadi ishirini kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, kisha kwa Kinyarwanda cha nyumbani, kana kwamba tatizo lilikuwa lugha. Mwenzangu akapiga simu kusema hasikii kitu, ila mlio wa hewa tu.

"Mademoiselle," asistanti akaniambia, "ile muchoro yangu ingali pale. Ukiinakili leo, juma ijayo utapita."

Nilimjibu kwamba nimesikia. Sikumjibu kwamba nitafanya hivyo. Nilikuwa na hasira hadi masikio yakawa moto, na chini ya hasira kulikuwa na woga, kwa sababu wazazi wangu walikuwa wamekwisha kuwatangazia majirani kwamba bado mwaka mmoja tu nihitimu.

Siku nne zilizofuata niliushambulia mzunguko. Nilisokota koili upya mara saba. Nilibadilisha transista, nikachomoa kapasita, nikazirudisha. Jambo la ajabu ni kwamba mezani mtambo ulikuwa mzima. Nilipoondoa antena na kufunga taa ndogo ya tochi mahali pake, taa iliwaka vizuri, maana yake nguvu ilikuwa inatoka. Lakini nikirudisha antena, ukichukua redio ya kupokea hadi barabarani tu, sauti inakufa.

"Hii bobine ilikukosea nini?" mwenzangu aliniuliza nilipoanza kusokota koili mara ya nane.

Nikamjibu vibaya. Hakukasirika. Alikwenda kununua mikate, akarudi, akaniwekea wangu karibu na mkono. Ningependa kusema kwamba niliomba msamaha, lakini nilikula mkate, nikarudi kwenye koili.

Siku ya tano nilikwenda uani kukiangalia kile chuma. Nilikishika kwa mkono mmoja, kikatoka bila kubisha, pamoja na mizizi ya maua. Mama mtunza bustani, mwenye koti la buluu la wafanyakazi wa chuo, alikuwa akinitazama tangu siku ya kwanza nilipoyaharibu maua yake. Sasa akanisogelea.

"Mutoto yangu, unatafuta nini mule?"

"Natafuta ardhi, mama."

Akacheka hadi akaweka jembe chini. "Ardhi? Hapa Goma? Ile udongo ilikuya na kamio. Batu baliimwanga pale, miye mwenyewe nikaipanga. Chini iko jiwe tu ya volkano."

Akachukua jembe lake dogo, akalipiga katikati ya bustani. Halikufika mbali. Nilisikia chuma kikigonga jiwe.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata mbele ya ubao. Miaka minne nilikuwa nikitembea juu ya mawe yale meusi kila siku. Yalikuwa yamenilia jozi sijui ngapi za viatu. Mtoto wa Goma asingefanya kosa hilo. Yeye anajua tangu kuzaliwa kwamba hata choo kinachimbwa kwa nyundo. Ila mimi nilitoka mahali ambapo ukichomeka kijiti cha muhogo leo, kesho kutwa kina majani, na sikuwahi kufikiri kwamba ardhi ni kitu cha kuhakikisha. Chuma changu kilikuwa kimesimama kwenye sahani ya udongo ulioletwa na lori, juu ya mwamba mkavu. Mzunguko wangu haukuwa na kosa. Ulikuwa unasukuma mawimbi bila kupata mahali pa kuegemea.

Nilikimbia labo. Nilimwomba mwenzangu ule msamaha uliochelewa, kisha nikamweleza yote kwa pupa hadi akaniomba nianze tena. Kama ardhi haipatikani chini, nilimwambia, tutaitandaza juu. Tutafunga nyaya kwenye mguu wa mlingoti na kuzilaza juu ya mawe kila upande, ili zifanye kazi ya udongo.

"Ngapi?" akauliza.

"Zote tutakazopata."

Tulipata kumi na sita. Nyingine zilikuwa nyaya za umeme za majengo yaliyovunjwa, nyingine zilitoka kwenye injini iliyoungua. Jumamosi nzima tulizitandaza juani kutoka kwenye mlingoti hadi kila ukingo wa ua, tukizibana kwa mawe, ambayo angalau hayo Goma hayakosekani. Waliopita na michoro yao ya kunakili walituuliza kama tunaanika nguo au tunatega sungura. Mwenzangu aliwajibu kwa upole kwamba tunalima. Mama wa bustani alituazima kamba, akawafukuza waliotaka kukanyaga. Jioni nilipima, nikakuta antena imekuwa ndefu kupita kiasi, nikakata upana wa kiganja, nikapima tena. Sindano ya kipimo ikakaa pale nilipotaka.

Alasiri ya pili mwenzangu alirudi Himbi. Asistanti alikuja uani, akazikagua nyaya, akiruka moja baada ya nyingine kwa viatu vyake vilivyong'aa. Kisha akatoa karatasi mfukoni, akaandika kitu, akanipa. Hakutaka nihesabu tena. Alitaka nisome maneno ambayo mwenzangu hawezi kuyakisia.

Karatasi ilisema: "Huyu binti ni mukaidi na atarudilia mwaka."

Nilimtazama. Alikuwa ametulia kabisa. Nikabonyeza kitufe, nikaisoma mara moja, polepole, bila kuruka neno.

Simu yake ililia kabla sijaachia kitufe. Aliiweka kwa sauti ya juu. Ilikuwa sauti ya mwenzangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anaongea haraka.

"Minasikia sana! Anasema huyu binti ni mukaidi na atarudilia mwaka. Asistanti, nani aliandika ile maneno? Tena minasikia mutu anakohoa karibu yake."

Aliyekohoa alikuwa asistanti. Alikunja karatasi, akairudisha mfukoni. "Nusu ya kwanza ni kweli," akasema. "Ya pili nimeifuta. Umepita, Mademoiselle. Na ile muchoro yako, uniachie nakala."

Kwetu binti akishinda kitu, mama yake ndiye anayempigia impundu, vigelegele vyetu vya furaha, na mama yangu alikuwa Kalengera. Sikuweza kungoja. Nilibonyeza kitufe, nikafungua kinywa mbele ya kipaza sauti, nikajipigia mwenyewe, kwa pumzi yangu yote. Mama wa bustani akatupa jembe, akaungana nami. Kule Himbi mwenzangu alikuwa amesogeza simu karibu na redio, na kutoka mkononi mwa asistanti nilisikia impundu zetu zikirudi, zote mbili, zikiwa zimekwisha kufika ziwani.