Simu ya Mama Haipokelewi

Kijijini kwetu, ndani ndani huko Butiama, mama anabipu kila asubuhi akishamaliza kukamua. Inaita kidogo, anakata. Maana yake ameamka, ng'ombe wapo, hakuna jipya. Mimi huku Musoma nikiona jina lake limepita kwenye kioo cha simu, nabipu na mimi. Maana yake nimeamka. Basi tumesalimiana, kila mtu ashike kazi yake.

Kupokea ni kwa ajili ya msiba. Sheria hiyo aliiweka marehemu baba enzi zile vocha inauma, na vocha ziliposhuka bei sheria haikushuka. Ndugu zangu walioko Dar na Dodoma waliwahi kumnunulia mama simu ya kupangusa ili tuwe tunamwona sura. Aliigeuzageuza, akauliza vitufe viko wapi, akaifunga kwenye kitenge na kuitia sandukuni pamoja na nguo za kanisani. Akarudi kwenye kitochi chake cha vitufe. Mtandao wenyewe unashika juu ya jiwe moja tu, lile kubwa nyuma ya zizi, kwa hiyo ukimpigia wewe, kumpata ni bahati. Ukimpata anapaza sauti kama anakuita kutoka ng'ambo ya mto: "Wazima? Sisi wazima. Haya!" Halafu kimya. Kwa mama, maongezi ni ya kukaa chini, mkononi kuna kitu cha kumenya au kuchambua. Simu ni kengele tu.

Nayaeleza haya mapema ili ujue kwamba siku nilipopokea, sikupokea kwa kutojua.

Nina steshenari hapa mjini, mtaa wa Mukendo. Naprinti, natoa kopi, nachapa kadi za michango ya harusi, najaza maombi ya vyuo kwa mtandao, nawafungulia watu barua pepe ambazo pasiwedi zake watazisahau kabla hawajavuka barabara. Mfanyabiashara wa dagaa kutoka Kibara huniletea picha za dagaa wake niwang'arishe kabla hajawaweka kwenye statasi. Nimeshamwambia dagaa ni dagaa tu, hawahitaji studio, lakini mteja ni mfalme. Mwalimu mmoja wa sekondari huko Bunda hunitumia mitihani nimchapie, pamoja na maelezo ya sauti, akinong'ona ili wanafunzi wasimsikie. Na vijana huja kuniomba niwatungie ujumbe wa mapenzi. "Dada, wewe una maneno," wananiambia. Maneno ninayo kweli. Wa kumwambia ndiye sina.

Usinionee huruma, sipendi. Niliwahi kuwa na mume. Alikwenda Geita kutafuta dhahabu, akaipata kwa mwanamke mwingine, hadithi ikaishia hapo. Naishi Nyakato ya hapahapa Musoma, chumba na sebule, kiti kimoja kizuri na kimoja cha plastiki. Simu yangu haipumziki: kuna kundi la jumuiya, kundi la kamati ya harusi, kundi la tuliosoma pamoja, kundi la familia. Asubuhi kundi la familia linajaa picha za maua yenye maandishi ya kutakiana siku njema, nami narudisha ua. Siku yangu ya kuzaliwa ilipofika, wa kwanza kuikumbuka ilikuwa kampuni ya simu. Ilinipa dakika za bure. Nikakaa nazo nikifikiria nimpigie nani, mpaka zikaisha muda wake.

Halafu kukawa na Jumatatu moja. Jumapili iliyotangulia mvua ilininyima kwenda kanisani, nikashinda ndani. Asubuhi nikamsalimia mama muuza maandazi pale njiani, na sauti ikatoka imekwaruza, nusu haikutoka kabisa. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni mafua. Nilipofika dukani ndipo nikang'amua kwamba sikuwa nimetamka neno tangu nilipofunga Jumamosi. Vidole ndivyo vilivyoshinda vikiongea, kundi hili na lile, vikicheka na kupongeza watu. Mdomo ulikuwa umelala. Niliogopa sana. Niliwasha kompyuta, nikajifungia, nikalia, kisha nikafungua mlango maana kulikuwa na mtu anataka kopi ya kitambulisho.

Nilitaka kumwambia mama. Si ndugu zangu; wao wangenitumia ua. Nilitaka mama ajue kwamba mwanawe yuko mjini, ana biashara, ana bando la mwezi mzima, na hana mtu. Lakini jambo kama hilo utalisemaje kwa kubipu?

Kesho yake asubuhi nikakaa kitandani nimeishika simu, kidole kikiwa tayari. Ilipoita tu nikapokea.

Hakujua. Mama hakuwa ameweka simu sikioni hata kidogo. Nadhani alikuwa ameishika mbele ya uso, kama anavyoishika tochi. Nikasikia upepo wa pale juu ya jiwe. Nikasikia ndama. Kisha nikasikia sauti yake, ya chini, ya polepole, sauti ambayo simu haikuwahi kuniletea. Alikuwa anaongea kwa lugha ya nyumbani. Mimi nilipewa jina la mama yake baba, kwa hiyo tangu utoto wangu mama huniita mkwe. Alikuwa anasema: "Umeamkaje, mkwe? Nzuri. Umelala salama? Salama. Umekula? Nimekula." Anauliza yeye, anajibu yeye, kwa niaba yangu, akidhani simu bado inaita.

Nikasema, "Mama."

Kutoka upande wa pili ukaja ukelele ambao ndama nao waliusikia, maana walinyamaza. "Nani amekufa?"

"Hakuna, mama, nime..." Simu ikakatika. Salio la kubipu halina uwezo wa kubeba maelezo.

Nikapiga. Hapatikani. Nikapiga tena na tena. Alikuwa ameshashuka kwenye jiwe, na chini ya jiwe hakuna mtandao. Kumwandikia ujumbe ni bure, hasomi. Nikaandika kwenye kundi la familia kwamba mama ameshtuka, mwenye namba ya jirani ampigie. Kaka akauliza, "Ameshtuka nini?" Mdogo wangu akaweka mikono miwili ya kuomba. Mwingine, ambaye bila shaka hakusoma, akaweka ua. Nikaenda dukani roho ikiwa juu juu, kwa kuwa kulikuwa na wanafunzi ambao dirisha la maombi yao lilikuwa linafungwa siku ileile, na nikajiambia mchana nitapanda gari nimfuate.

Hakungoja mchana wangu. Nilikuwa nimeinama kwenye kompyuta, msichana wa kidato cha sita kanikalia pembeni, nikaona foleni imejigawa yenyewe. Mama alikuwa amesimama mlangoni kavaa kanga ya msibani, mkeka umekunjwa kwapani, mfuko wa unga kichwani, kuku kafungwa miguu mkononi. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa amelia njia nzima, na hajui anamlilia nani.

Alinitazama kuanzia utosini hadi kwenye kandambili.

"Nani mgonjwa?"

"Hakuna, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Aliyekufa?"

"Hakuna."

"Sasa umepokea nini? Si unajuaga simu yangu huwaga haipokelewi?"

Foleni nzima ilikuwa inanitazama. Ningeweza kusema nilikosea kitufe, na mambo yangeisha. Nikasema, "Nilitaka kusikia sauti yako."

Yule msichana wa maombi akaanza kukagua viatu vyake. Mama alitua mfuko, akamweka kuku chini ya meza ya mashine ya kopi, akaketi kwenye benchi la wateja, na akakaa hapo mpaka nilipofunga. Kila mashine ilipovuma, kuku alilalamika. Nilijua amekasirika, na ana haki.

Nyumbani nikaanza kuomba msamaha. Nikamwambia kesho nitamsindikiza, arudi na vitu vyake.

"Unga huu si wangu," akasema. "Majirani wamenichangia. Nimepita nalia, wakajua una msiba, kila mtu akaleta kibaba chake. Unga wa msiba haurudi. Unaliwaga palepale kwenye msiba."

"Mama, hapa hakuna msiba."

Akaitazama sebule. Akakitazama kiti kizuri, akakitazama kile cha plastiki, akainua macho kwenye rafu yangu ya vyombo ambapo sahani moja ilikuwa imechakaa na nyingine zote zikiwa bado na karatasi ya dukani. Akautandaza mkeka katikati ya sebule, akaniambia godoro nilisogeze huko.

"Mfiwa halalagi kitandani. Shuka."

Mwanamke mzima, mwenye leseni ya biashara, nikashuka. Nikalala mkekani ubavuni kwa mama, kama wanawake wanavyolala na mwenzao aliyefiwa, na mimi sikuwa nimefiwa na mtu yeyote. Hakuniuliza swali. Ndivyo msibani kulivyo kwetu. Hakuna anayekuuliza unajisikiaje, watu wanakaa tu na wewe.

Na watu wakaja kukaa. Wapangaji wenzangu waliona kanga, mkeka, mama mtu mzima anachinja kuku uani, wakajumlisha. Wanawake ambao tulikuwa tunapishana nao bombani kwa kuinua nyusi waliingia kwa mara ya kwanza ndani kwangu, wakavua viatu. "Poleni na msiba." Mama akawajibu, "Tumeshapoa." Mmoja akauliza kwa upole ni nani aliyefariki. Mama akasema ni mambo ya nyumbani, akampa michembe ya viazi vilivyokaushwa amsaidie kuichambua. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia, na wao kwa kuwa wanajua kazi yao wakanishika mabega. Siku hizo simu yangu iliwaka na kuzimika juu ya kabati, na sikuwa na hamu nayo.

Tulikaa hivyo mpaka unga ulipoisha. Nilikuwa nauangalia mfuko unavyolegea, nami naombea kila ugali uwe mdogo ili unga udumu. Usiku wa mwisho, tukiwa tunasafisha masufuria, nikamuuliza kama kila siku huwa anaongea na simu pale juu ya jiwe.

Alinishangaa. "Naongeaga na wewe. Mtu unampigia humsalimii, hiyo ni adabu gani?"

"Na unajijibu mwenyewe."

"Sasa nani atanijibu? Na wewe majibu yako nayajua. Nzuri, salama, nimekula. Tangu uende mjini hujawahi kusema lingine."

Asubuhi nikampeleka kwenye gari. Alipopanda ngazi ya gari ndipo nilipoona alivyolishika goti lake kwa mikono miwili na kulivuta juu, kama mtu anayepandisha mzigo wa mwenzake. Nikafikiria jiwe la nyuma ya zizi, analipanda kila asubuhi na goti hilo. Nikafikiria siku ile alivyolishuka, mbio. Dereva alikuwa ameshawasha. Mama akatoa kichwa dirishani.

"Mkwe. Ukizidiwa, pokea. Nitakuja. Usipozidiwa, iache iite."

Baada ya hapo wapangaji waliendelea kunisalimia, mmoja wao hata akawa ananigongea Jumapili twende wote kanisani, kisha akahamia Bunda. Dukani wanafunzi walipata vyuo, wakaja wengine. Mfanyabiashara wa dagaa amejifunza kung'arisha picha mwenyewe na hanihitaji tena. Kundi la familia linatoa maua.

Lakini simu ya mama haikatiki haraka siku hizi. Kuita hakulipiwi, hilo amelielewa vizuri. Inaita, inaita, inaita, na mimi najua pale juu ya jiwe anaongea bila kukimbizwa, anaacha nafasi baada ya kila swali. Nami nimekaa kwenye kitanda changu Nyakato, simu mapajani, najibu kwa sauti. Umeamkaje, mkwe? Nimeamka nimechoka, mama. Umelala salama? Sikulala. Umekula? Sijala, sikuona sababu ya kupika. Namwambia yote kwa kuwa hanisikii. Nikimaliza, sauti yangu imeshafunguka, na mama muuza maandazi haniulizi tena kama nina mafua.

Nikipokea, atakuja. Atafunga kuku, atakunja mkeka, atashuka lile jiwe na goti lile. Kwa hiyo naiacha iite. Na asubuhi nyingine, inapoita sana, inabidi niukalie mkono.