Mashine Inayotaka Shikamoo

Ngoja nianze na aibu yangu kabisa, maana Saidi, mwenzangu wa kazini, atakuambia tu: mie, mtu mzima na ndevu zangu, nimeiamkia mashine shikamoo. Tena kwa kuinama. Wala haukuwa utani. Cheka, ukimaliza nisikilize, kwa sababu haya yamenikuta mchana kweupe, karakanani kwetu Temeke.

Ni mashine ya kuchonga vyuma, zile zinazojiendesha kwa kompyuta. Bosi aliinunua kwenye kiwanda kilichofungwa, kompyuta yake imeshakufa. Nani alijitapa ataifufua? Mie, niliyeishia kidato cha pili! Nikafunga kompyuta nyingine, nikabadilisha waya, nikabadilisha mota. Wapi! Ukiiwasha inasogea kidogo, halafu inanyanyua juu kile kichwa chake chenye kisu, inagoma, kama mama mkwe aliyenyimwa kiti. Nilibakiza kulia tu. Bosi akachoka: "Kesho lori la skrepa linakuja kubeba vyuma chakavu. Wewe na hilo dude mnapanda pamoja."

Hiyo ni Ijumaa. Wenzangu wakaenda msikitini, mie nikabaki, nikafunga geti kwa kufuli kwa ndani. Umeme nao ukakatika! Nikakaa chini nikaitukana ile mashine matusi yote ya Temeke unayoyajua.

"Kijana."

Nageuka, mama mmoja mnene, ovaroli ya bluu iliyopauka, kanga kichwani. Nikajua mteja. Nikamwamkia.

"Marahaba. Na huyu je, umemwamkia?" Anaonyesha mashine.

"Mama, huyu nimempa grisi, nimempa waya, nimempa usingizi wangu. Na shikamoo anataka?"

Hakucheka. Akaweka kiganja juu ya chuma. Niamini, umeme hakuna, lakini meza ya mashine ikaanza kusogea, taratiiibu, hadi katikati. Ikatulia. Kuinua macho, mama hayupo. Geti? Kufuli lipo vilevile, ufunguo mfukoni mwangu. Kapitia wapi?

Nikatoa ufunguo nitoke mbio. Umeme ukarudi. Nikawasha: kichwa juu, imegoma. Nikalifikiria lile lori. Basi nikainama.

"Shikamoo mama. Naomba tufanye kazi."

Sikusikia jibu. Ila kichwa kikashuka, ikachonga chuma kama inakata sabuni. Kugeuka, Saidi, fundi wetu wa kuchomelea, karudi kutoka msikitini, kasimama nje ya geti ananichungulia kwenye nondo.

Lori liliondoka tupu. Mpaka leo kila asubuhi naamkia. Nikisahau, siku nzima imepotea. Bosi mwenyewe, na mvi zake, alijaribu "mambo vipi", ikamnyanyulia kichwa. Sasa anainama kuliko mie. Kwa hiyo wewe unayenunua mashine ya mtumba, kabla hujashika bisibisi, salimia kwanza. Hujui imekuja na nani.

Saidi alinicheka wiki nzima. Siku moja tunakunywa chai, akaacha kucheka, akanisogelea.

"Mwanangu, ile shikamoo yako niliisikia, nikacheka. Ila ile marahaba iliyofuata... nani alikuitikia?"