Ndama wa Kahawia

Maziwa yakifurika na kumwagikia mkaa, harufu yake ya kuungua hunirudisha nyumbani kwetu Iyunga, hata nikiwa hapa Iringa na shughuli zangu. Mume wangu hudhani nakunja uso kwa ajili ya sufuria. Ninyi nitawaambia ukweli.

Ng'ombe wetu aliitwa Neema. Alijaza ndoo asubuhi na jioni, na maziwa yake yakichemshwa, utandu ulikuwa mzito hadi watoto watatu tukaugombania. Mwanawe wa kiume, Komredi, kahawia kama mama yake, nilimlea mimi mwenyewe. Baba alikuwa ametangaza kwamba Neema akishika mimba ya chupa, yaani kwa mbegu aliyokuja nayo Bwana Mifugo, Komredi atauzwa. Tangu siku hiyo sikutulia.

Bwana Mifugo alikuwa mtu mpole, aliyepanda kilima chetu kwa miguu, buti zimejaa tope. Aliwahi kumwonya baba nikisikia: "Mzee, msije mkampandisha na mwanawe. Damu ikijirudia, ndama anadumaa na maziwa yanapungua. Mimi nawaletea damu ya mbali."

Nikamwona hajui hesabu. Kama mama ana maziwa mengi, na mwana ametoka kwa mama huyo huyo, si mtoto wao atakuwa nayo mara mbili? Ujuaji wa darasa la tano, jamani!

Kumwangalia Neema akiingia joto, yaani akianza kutaka dume, ilikuwa kazi yangu. Asubuhi moja nilimkuta analia, anazunguka bandani, majani hataki. Nilipaswa kukimbia kumwambia mama. Nilifungua kwanza kamba ya Komredi, nikamwacha ampande mama yake. Baadaye ndipo nikakimbia. Mchana Bwana Mifugo alifika na mbegu ya dume la mabaka meusi na meupe, akafanya kazi yake, akanawa, akashukuru kwa chai.

Miezi yote tisa nilikaa roho juu. Akazaliwa jike, kahawia tupu, hana hata baka moja. Baba alifurahi. Mama alimtazama ndama, akanitazama mimi, kisha akaenda kuchota maji.

Ndama yule alidumaa. Alipokuja kuzaa, maziwa yake hayakufika hata nusu ya yale ya Neema, tena mepesi, utandu wa kuokota kwa ncha ya kijiko. Majirani wakasema chupa ni utapeli. Mama naye akasema hivyo hivyo, kwa sauti, mbele ya watu kituoni tulikopeleka maziwa. Bwana Mifugo akawa anapita barabarani haitwi na mtu, mwishowe akahama. Komredi aliuzwa vilevile.

Mwaka jana nilishindwa kuvumilia, nikamwambia mama yote. Hakuacha kuchambua maharage.

"Nilijua tangu siku ndama alipozaliwa," akasema.

"Sasa mama, mbona ulimsema yule baba wa watu?"

"Ulitaka nisemeje? Baba yako angekuumiza. Yule alikuwa mgeni, wewe ulikuwa wangu."

Miaka yote nilidhani nimeficha siri. Kumbe nilikuwa nimefichwa mimi, na aliyeadhibiwa ni mtu aliyetuambia kweli. Inaniuma. Nimeanza kumtafuta nimwombe radhi, lakini kila ninayemuuliza hutaka nimtajie jina, na jina lake hatukuwahi kumuuliza.