Niliimba Kabla Sijaweza Kusema

Ninyi mlioketi hapa, mkono mmoja umelala mapajani kama si wenu, nawasalimu ninyi kwanza. Nilikaa kwenye benchi hilohilo. Daktari ameniomba niwaeleze yaliyonipata. Nitakwenda polepole, maana maneno mengine bado yananikwama.

Naitwa Nafula. Kwetu ni Bungoma, Kenya, lakini Kampala nimeishi miaka mingi. Nilikuwa nauza vyombo vya plastiki kwa jumla pale Kikuubo, soko la jumla katikati ya mji: mabeseni, ndoo, majagi. Kikuubo ukinyamaza huuzi, kwa hiyo mimi nilikuwa mtu wa mdomo. Jumapili niliimba kwaya kanisani, sauti ya pili. Mume wangu Rajabu ni polisi, Mwislamu wa Arua, na tunakaa katika nyumba za polisi Nsambya. Tuna binti mmoja, Amina, ambaye sasa ni mtu mzima.

Presha nilikuwa nayo, na nilijua. Nilipewa dawa, nikanywa wiki chache, nikajisikia vizuri, nikaacha. Kosa hilo ni langu.

Asubuhi moja dukani nilimwinulia mteja beseni alione, likaniponyoka. Nikainama kuliokota, mkono wa kulia ukakataa. Mteja akaniuliza kitu. Jibu nililijua, lakini ulitoka mlio tu, na mate yakanichuruzika kidevuni. Mama wa duka la jirani akanitazama usoni akasema, "Nyabo, mama, mdomo wako umeenda upande." Nilitaka kukaa. Nikaanguka.

Hospitalini walinipiga picha ya kichwa. Daktari akamweleza Rajabu kwamba ni kiharusi: mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo maana mkono na mguu wa kulia vimelegea na maneno yamepotea. Yote hayo niliyasikia. Watu hawajui kwamba mgonjwa wa namna hii anaelewa. Walikuwa wakinizungumzia mbele yangu kama mtoto mchanga.

Na kweli nilikuwa kama mtoto. Nilivaa nepi. Uji ulipita njia isiyo yake, nikakohoa mpaka uso ukavimba. Amina alinigeuza kila saa chache nisipate vidonda mgongoni. Nilibakiwa na neno moja tu: "bado". Nikiulizwa kama nataka maji, nasema bado. Kama naumwa, bado. Jina la mwanangu mwenyewe, bado.

Niliporudishwa nyumbani niligeukia ukuta. Chakula nilikataa, vidonge nikavitema. Nilitaka kufa, nawaambieni ukweli.

Amina alifikiri muziki utanichangamsha. Akanivalisha hedifoni, akaweka nyimbo zao vijana. Ngoma ziligonga ndani ya kichwa mpaka nikataka kutapika. Nikazivuta kwa mkono wa kushoto nikazitupa. Binti yangu alitoka nje kulia.

Jioni moja, Rajabu alipotoka kazini, alikwenda kanisani kwetu wakati wa mazoezi ya kwaya, bado amevaa sare. Kiongozi wetu alinisimulia baadaye kwamba wote walinyamaza wakidhani kuna mtu anakuja kukamatwa. Akauliza, "Afande, kuna shida gani?"

Rajabu akamjibu kwa Kiswahili chake cha kambini. "Shida hakuna. Bibi yangu haongei. Nataka asikie nyinyi."

Akakaa benchi la nyuma, kofia magotini, akarekodi kwa simu mazoezi yote, pamoja na makosa na vikohozi.

Kesho yake, alipomaliza sala ya alfajiri, aliweka simu kwenye mto wangu, sauti chini. Niliwatambua mmoja mmoja. Sauti ya pili ilikuwa nyembamba. Aliyeibeba peke yake alikuwa anaishusha mno, na ikaniudhi. Zilikuwa wiki nyingi sijaudhika kwa jambo lolote nje ya mwili wangu. Machozi yakanitoka. Rajabu akafikiri amenitesa, akanyoosha mkono azime simu. Nikaukamata mkono wake. Siku hiyo nilimaliza uji, na vidonge nikameza.

Ikawa kila asubuhi ni hivyo. Moyo ulianza kutulia, usingizi ukarudi. Baadaye nikawa naguna pamoja nao, bila maneno. Halafu siku moja, kwenye kiitikio, nikajisikia nikiimba, "Asante." Neno zima.

Rajabu alikuwa anang'arisha buti. Akabaki na brashi mkononi. "Sema tena," akaniambia.

Nikajaribu kusema. Ikatoka, "Bado."

Akaurudisha wimbo nyuma. Kilipofika kiitikio nikaimba tena, "Asante." Mume wangu akakaa sakafuni, akamwita Amina aje asikie.

Tulipomweleza mtaalamu wa matamshi wa hospitali, hakushangaa. Alisema upande wa ubongo unaotuwezesha kusema ndio ulioumia, lakini wimbo unapita pia kwenye upande wa pili, usioumia. Akatuonya kwamba muziki hauchukui nafasi ya dawa wala mazoezi. Alinifundisha kuimba mahitaji yangu huku nikigonga godoro kwa mkono wa kushoto: na-ta-ka ma-ji. Miezi ikapita, tukapunguza wimbo kidogo kidogo, maneno yakabaki. Na kwa kutembea, Rajabu aliniwekea ngoma za kwao Arua. Mguu uliokuwa unaburutwa ukajifunza kusubiri mdundo kisha kuinuka. Nilianguka mara mbili, jino moja likameguka. Nilicheka. Hata kucheka kulikuwa kumenipotea.

Sasa mnaniona. Mkono huu unashika kikombe, kifungo cha shati unashindwa. Duka analiendesha Amina, nami nakwenda kuwasumbua wateja kidogo. Dawa ya presha nameza kila siku. Moyo ukinilemea, nafungua wimbo mmoja kabla sijatoka kitandani, nasikiliza mpaka mwisho, na pumzi inatulia. Kwaya nimerudi. Naimba nikiwa nimeketi, nameza baadhi ya maneno, na hakuna anayenifukuza.

Namshukuru Mungu, ambaye mume wangu na mimi tunamwomba kila mtu kwa namna yake. Nawashukuru madaktari. Namshukuru Amina kwa mgongo wangu usio na kidonda hata kimoja. Namshukuru Rajabu, aliyekaa kwenye benchi la kanisa kwa ajili yangu.

Ninyi wagonjwa, msiache dawa. Na ninyi mnaowauguza, msimwekee mtu muziki mnaoupenda ninyi. Mume wangu alijua wangu kwa sababu alikuwa amenisikia nikiuimba nikifua nguo, miaka yote hiyo. Leo mkifika nyumbani, waulizeni watu wenu wanapenda kusikia nini. Waulizeni wakiwa bado wanaweza kujibu.